Namba Kumi na Nane

Kwaya ya Bethania ya Sekei ina miaka sitini na mitano, na katika miaka yote hiyo imegombania kila kitu ambacho kwaya inaweza kugombania. Imegombania rangi ya majoho. Imegombania gitaa, hadi nusu ya besi wakahama na kwenda kuanzisha kwaya yao Sakina, kisha wakarudi mmoja mmoja baada ya mwaka huku wakijifanya walikuwa wagonjwa. Imegombania nani asimame mbele siku ya kurekodi kanda, na ugomvi huo una watu hawasalimiani mpaka leo. Kuna jambo moja tu ambalo halijawahi kugombaniwa, nalo ni hesabu.

Hesabu iliachwa na mwanzilishi wao, mwalimu Yoeli. Kila mwanakwaya hupewa namba siku anayopokelewa, na namba hiyo inakuwa yake mpaka afe au ahame. Kabla gari halijaondoka, iwe kwenda au kurudi, kiongozi husimama mlangoni na kusema, "Hesabu!" Hapo kila mtu huita namba yake kwa zamu, kuanzia moja hadi ya mwisho. Ikitimia, dereva anatia gia. Hakuna kutazamana nyuso wala kunyoosha mikono. Mwalimu Yoeli alikuwa akisema kwamba mwimbaji ni sauti yake, sura mwachieni mpiga picha. Yeye mwenyewe amelala makaburini miaka ishirini sasa, lakini bado wanahesabu kwa namna yake.

Namba kumi na nane haina mtu. Waliwahi kupewa watatu, kwa nyakati tofauti. Wa kwanza alidumu nayo miezi miwili, wa pili wiki tatu, wa tatu safari moja tu ya kwenda Tengeru. Wote walisema jambo lile lile: kila walipofungua kinywa, walikuta namba yao imekwisha kuitwa. Uongozi ukakata shauri, bila kuandika popote, kwamba baada ya kumi na saba iitwe kumi na tisa. Hata hivyo kuna safari, hasa miezi ya baridi, ambapo kumi na nane inaitwa. Huitwa na sauti ya kike, katikati ya gari, imebanwa puani kidogo. Watu hucheka. "Mgeni wetu naye kapanda," husema. Vijana wanadai ni malaika wa safari, na wazee wanadai ni mwalimu Yoeli kaja kukagua, ingawa mwalimu Yoeli aliimba besi ya kutikisa vioo vya madirisha.

Aliyejua ile ni sauti ya nani alikuwa mmoja tu, Magreth, namba kumi na saba.

Magreth alikuwa na miaka hamsini na minane. Alikuwa mjane na fundi cherehani mwenye kibanda chake Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, na majoho yote ya kwaya yalipita chini ya sindano yake. Alikuwa mwanakwaya mkongwe kuliko wote waliobaki. Kwa hiyo sherehe za miaka sitini na mitano zilipokaribia, mwenyekiti Elihuruma alimfuata kibandani. Elihuruma ni kijana wa kampuni ya utalii, mtu wa haraka, anayeongea huku anaangalia simu.

"Mama, tunataka kitabu cha historia ya kwaya," alisema. "Sisi wengine hizi stori tumezikuta njiani. Wewe andika tu, mimi nitachapa."

"Mimi mwandishi tangu lini?"

"Andika kama unavyotusimulia. Na uzinduzi tutafanya Oldonyo Sambu. Nimeona picha ya zamani, mlikwenda kuimba siku ya kufungua lile kanisa dogo kule juu. Mwaka themanini na sita, siyo?"

Magreth alijichoma sindano kidoleni. Akasema ndiyo, mwaka themanini na sita.

Aliandika jioni, kwenye daftari la shule, na mwanzoni kalamu ilikwenda vizuri. Aliandika watu tisa wa kwanza. Aliandika kinanda kilichopanda juu ya mkokoteni kutoka stesheni. Aliandika hata ule ugomvi wa gitaa, akauongezea chumvi mahali palipopooza. Kisha akafika mwaka themanini na sita, na hapo mkono ukagoma.

Namba kumi na nane alikuwa Naeku. Alikuwa binti wa Oldonyo Sambu, mwenye miaka ishirini, anayekaa kwa mjomba wake Sekei, na yeye na Magreth walikuwa chanda na pete. Waliketi pamoja, wakala pamoja, wakaazimana viatu. Kwa sauti hawakulingana. Magreth alikuwa mwimbaji mzuri. Naeku alipoimba, watu waliacha kukohoa. Wiki mbili kabla ya Pasaka kwaya ilipanda lori la mbao la Singasinga mmoja wa mjini, ikaenda kufungua lile kanisa, na wimbo wa peke yake wa Pasaka ulikuwa umekwisha kupangiwa Naeku.

Baada ya ibada na chakula, Naeku alimvuta Magreth pembeni. Alikuwa na kilo moja ya sukari ndani ya kitambaa, na sukari miaka ile ilikuwa ya mgawo.

"Nakimbia mara moja kumpelekea yeyo," alisema. Yeyo ni mama. Nyumba ya mama yake ilikuwa ng'ambo ya korongo. "Nikitoka huko nitakata kwa chini, niwasubiri njia panda. Wakihesabu, niitikie."

"Mwalimu akijua?"

"Atajuaje? We bana pua kidogo."

Mwalimu Yoeli alikuwa na adhabu moja tu kwa mchelewaji: miezi mitatu bila kuimba. Basi hesabu ilipofika kwake, Magreth aliita, "Kumi na saba!" Kisha akainama kama anayefunga kiatu, akabana pua, akaita, "Kumi na nane!" Waliokuwa karibu walikuwa wakigombania pa kukaa, hakuna aliyemtazama. Mwalimu akasema imetimia.

Mvua ilikuwa imeanza huko juu mlimani. Walipofika njia panda hapakuwa na mtu. Magreth aliinua mkono kugonga bodi ya lori, kwa sababu ukigonga mara mbili dereva anasimama. Mkono ukabaki juu. Akigonga itajulikana, wataadhibiwa wote wawili, na Pasaka itapita hivi hivi. Na tena, na hili hakuwahi kumwambia hata marehemu mumewe, alifikiri pia kwamba Naeku asipokuwepo, ule wimbo utakuwa wake. Akashusha mkono. "Atalala kwao," alijiambia.

Pasaka aliuimba yeye.

Lakini kabla ya Pasaka, siku ya nne tangu safari ile, mama yake Naeku alifika Sekei, miguu imejaa vumbi. Mjomba alikuwa ametulia, akidhani mpwa wake amebaki kwao. Alisema mwanawe alikunywa chai, akaacha sukari, akaondoka mbio kuwahi gari, na tangu hapo hana habari zake. Je, alifika? Mwalimu Yoeli alikuwa mtu mkweli, na ukweli wake ndio uliomaliza kila kitu. "Mama, mwanao alirudi na sisi," alisema. "Hesabu ilitimia. Namba yake niliisikia kwa masikio yangu mwenyewe."

Ndipo Naeku akatafutwa mjini. Alitafutwa polisi, hospitali, sokoni, kwa ndugu wa mbali. Hakuna hata mtu mmoja aliyekwenda kutazama korongoni, kwa nini aende, na hesabu ilitimia? Magreth naye alipoulizwa, alisema alimwona Naeku akipanda lori na akishuka Sekei, na kwamba Naeku alikuwa akizungumzia Nairobi. Neno hilo moja lilitosha. Watu wakamalizia wenyewe: dereva wa lori la ng'ombe, mimba, maisha ya anasa. Baba yake Naeku alikufa miaka sita baadaye bila kulitamka jina la mwanawe tena.

Magreth alikaa na daftari mpaka chai ikapoa. Akaandika ukurasa mzima wa kweli, akausoma, akauchana, akautia jikoni kwenye mkaa. Mahali pake akaandika: Mwaka huo mwenzetu Naeku alihamia Nairobi. Aliona aibu kama ya mtu aliyekutwa uchi, lakini hakufuta.

Walisafiri Jumapili moja ya Julai, wakati ukungu wa mlima unashuka mpaka kwenye paa za nyumba. Safari hii walikodi basi dogo, Coaster. Elihuruma alisimama mlangoni, simu mkononi, akasema hesabu. Namba zikaenda. Magreth akaita kumi na saba, na kabla hajafumba mdomo, kumi na nane ikaitwa, karibu sana, kama mtu aliyekaa mapajani mwake.

Watu wakacheka. Nice, binti wa benki mwenye namba kumi na tisa, hakucheka. Alimgeukia Magreth akamtazama.

"Mama, mbona umeitika mara mbili?"

"Mimi?"

"Ni sauti yako. Umebana pua tu."

Magreth alijikausha, akatazama dirishani. Kwa miaka thelathini na minane alijifariji kwamba ile sauti anaisikia hivyo yeye peke yake, kwa sababu ya dhamiri.

Ibada ilikuwa nzuri, watu waliserebuka, Elihuruma aliinua kitabu cha historia na kukisifu kana kwamba alikisoma. Baada ya chakula mwanamke mmoja alikuja akimwongoza bikizee kwa mkono. Bikizee alikuwa na shanga shingoni, shuka begani, na macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho.

"Magreth ni nani?"

"Ni mimi, yeyo. Shikamoo."

"Marahaba. Sauti imekuwa nzito." Bikizee alimshika mkono na hakuuachia. "Sijaja kugombana, mwanangu. Nimezeeka, na kuna kitu kimoja nataka kukijua kabla sijafa. Siku ile, ulimwona Naeku akipanda gari? Kwa macho yako?"

Watu walikuwa wakipita na sahani. Elihuruma alikuwa hatua tano tu, anapiga picha. Magreth aliufungua mdomo kusema ile kweli, na akaisikia kabisa ikija, kisha akamwona Elihuruma, akamwona Nice, akaona majoho yote aliyoyashona kwa mikono yake.

"Nilimwona, yeyo. Alipanda."

Bikizee akaitikia kwa kichwa, polepole.

"Basi. Niliuliza kwa sababu namsikia. Wakati wa baridi namsikia kule chini korongoni, anaita. Kumi na nane, kumi na nane. Nikasema labda alibaki huku, niwaambie vijana wachimbe mchanga, nimtoe nimzike vizuri. Lakini kama alipanda, basi ni masikio ya uzee."

Akamwachia mkono, akaongozwa kwenda kwake. Magreth alimpa Nice mkoba wake, na simu ikiwa ndani, akamwambia amshikie kidogo. Akazunguka nyuma ya kanisa penye tangi la maji. Alinawa uso, akanawa tena. Alilia bila sauti, amekibana kitenge mdomoni, mpaka kifua kikauma. Alipoinua kichwa ukungu ulikuwa umeufuta mlima na nusu ya uwanja, na upande wa mbele alisikia Elihuruma akisema, "Hesabu!"

Hakuwa na wasiwasi, kwa sababu namba yake ilikuwa mbali. Akajifuta, akaanza kutembea. Moja. Mbili. Tatu. Alipofika pembe ya kanisa walikuwa wamefika kumi na moja, na alifikiri ataitikia kutoka huko huko nje, wamcheke, aingie. Kumi na tano. Kumi na sita. Akavuta pumzi.

"Kumi na saba!"

Iliitwa ndani ya gari. Ilikuwa sauti yake, si ya ujana wake bali ya leo, nzito, na ule ukwaruzo wa kikohozi cha wiki nzima. Haikubana pua hata kidogo.

Baada yake kukawa kimya kifupi, mahali pa kumi na nane, na hakuna aliyeita. Kisha akamsikia Nice, "Kumi na tisa!" Namba zikaenda mbio hadi mwisho, na Elihuruma akasema imetimia.

"Ngojeni!" Magreth alipiga kelele. "Ngojeni! Nipo huku!"

Dereva alikuwa amekwisha kufungulia kanda yao wenyewe, kwa sauti ya juu. Coaster ikageuka, taa zake nyekundu zikaingia ukunguni, na mlio wake ukashuka mlima. Alikimbia mpaka viatu vikamvuka. Aliporudi kanisani palikuwa pamefungwa, na watu wa kule, kwa ile baridi, walikuwa wamekwisha kutawanyika majumbani.

Hakuna atakayerudi kumtafuta. Hilo alilijua kuliko mtu yeyote katika kwaya ile. Akili yake ikaenda kwenye kiti chake, kando ya Nice, na kwa yule aliyeketi hapo. Atashuka wapi? Atakwenda kufungua kibanda cha nani, Sakina? Aliogopa kama hajawahi kuogopa.

Akashuka barabara ya vumbi peke yake. Mwanga ulikuwa bado upo, mwanga wa kijivu wa saa kumi na mbili na robo. Alipokuwa sambamba na korongo alisikia maji, mengi, yanayovuta mawe. Ulikuwa Julai. Aliona kwa macho yake mchanga mkavu kule chini, na nyayo za mbuzi juu ya mchanga, na bado maji yalinguruma. Kisha yakanyamaza, na mtu akapanda kutoka korongoni.

Hakumwona. Alisikia miguu tu, viatu vilivyojaa maji vikifyonza kila hatua, ikija nyuma yake, ikilingana na mwendo wake. Alipoharakisha, iliharakisha. Alisimama, nayo ikasimama. Hakuthubutu kugeuka.

Njia panda ilikuwa vile vile, ila siku hizi pana kibao cha kanisa. Kushoto, kilomita mbili, ipo lami, na lami ya Namanga haikosi gari. Angefika, angesimamisha lori lolote, angekuwa Sakina kabla watu hawajala. Kulia kulikuwa na kile kichochoro kinachoshuka korongoni na kupanda kwa mama yake Naeku. Magreth alisimama. Nyuma yake matone yalidondoka juu ya vumbi, tone moja moja, na hakuna aliyemsukuma wala kumwita. Alisubiriwa tu. Ndipo alipoelewa kwamba mwenzake amesimama mahali hapa hapa miaka thelathini na minane akisubiri gari lisimame, na huruma ikampanda kuliko hofu.

"Twende," alisema kwa sauti ya chini. Akashika njia ya kulia.

Nyumba ilikuwa na moto, mlango wazi, na bikizee ameketi kwenye kigoda peke yake. Mkwewe, yule aliyemwongoza kanisani, alikuwa zizini anakamua, walimsikia akiongea na ng'ombe.

"Nani?"

"Ni Magreth, yeyo. Wa kwaya."

"Gari limekuacha?"

"Limeniacha."

Bikizee aliinamisha sikio upande wa mlango, akakaa hivyo muda mrefu.

"Nasikia miguu ya watu wawili," alisema. "Mmoja ameloa. Mko wangapi?"

Magreth angeweza kusema mmoja. Alisikia nyuma yake, karibu na bega, mtu akivuta pumzi taratibu na kuizuia, kama mwimbaji anayengoja zamu yake ifike. Safari hii hakubana pua.

"Tuko wawili, yeyo. Kumi na saba, na kumi na nane. Siku ile hakupanda. Mimi ndiye niliyemwitikia."

Kuni zilipasuka motoni. Bikizee hakupiga kelele wala hakulaani. Alijiegemeza kwenye fimbo, akainuka, akakivuta kigoda cha pili karibu na moto, halafu akawageuzia mlangoni yale macho yake meupe.

"Mpishe mwenzio," alisema. "Apite kwanza, amepigwa na baridi."

Magreth akasogea pembeni.